Naombeni ushauri: kijitaa cha waya wa IR (mwanga wa rimoti) hakikai kwenye king'amuzi

Kijana wa Uyole
Habari za jioni wakuu. Nipo Mbeya, Uyole. King'amuzi kiko chumba kingine, TV iko chumbani kwangu, picha inakuja kwa waya wa HDMI. Ili nibadilishe chaneli bila kuzunguka nimenunua ule mtambo wa kupokea rimoti: jicho linakaa chini ya TV, waya unapita ukutani, na mwishoni kuna kijitaa cheusi kama punje ya maharage unachokibandika mbele ya king'amuzi. Kikishika, mambo safi kabisa. Shida hakishiki. Nabandika usiku, kesho jioni nikirudi kazini nabonyeza rimoti, kimya. Gundi iliyokuja nacho imekufa, nikaweka tepu ya pande mbili, nayo ikaachia. Nahisi joto la king'amuzi linalainisha gundi. Sasa supaglu ninayo mkononi, nataka niimwage yaishe. Kuna ubaya? Msinishauri kuhamisha king'amuzi, hilo haliwezekani. Naomba kuwasilisha.

Fundi wa Mwanjelwa
Supaglu usithubutu. Ikiwa inakauka inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye plastiki, na pale mbele ndipo mwanga unapopita. Siku ukitaka kukitoa unang'oa na uso wa king'amuzi.

Fanya hivi. Zima taa, mulika tochi kwenye ile plastiki nyeusi ya mbele, utaona kidude kidogo nyuma yake, cha mviringo au mraba. Hapo ndipo kijitaa kikae, katikati kabisa. Ukikosea upana wa kidole king'amuzi kinaweza kisisome. Futa kwa spiriti, acha pakauke, bandika, kandamiza kwa kidole mpaka uchoke. Halafu waya usiuache unaning'inia. Uzito wa waya ndio unaobandua kijitaa taratibu. Ubane kwa tepu nyeusi ya umeme ubavuni mwa king'amuzi, na kipande cha kati ya tepu na kijitaa kibaki kimelegea.

Bi Mdogo wa Iringa
Kamwene wakuu. Mimi huku Kihesa ving'amuzi vyote nimefungia kabatini kwa sababu ya watoto, na funguo nashika mimi. Hicho kijitaa ninacho tangu mwaka juzi na hakijawahi kubanduka. Kilichonishinda ni paka, alitafuna waya mpaka shaba ikaonekana. Fundi akaniambia ni waya wa pini ya milimita 3.5 kama ya spika za masikioni, nikanunua mwingine nikachomeka, nikaendelea na tamthilia yangu. Kwa hiyo angalia na panya kaka, mwezi huu wa baridi wanaingia sana ndani.

Mzee wa Makambako
Vijana mnahangaika kubadilisha chaneli mkiwa mmelala. Simama, tembea, damu izunguke. Sisi TV ya kwanza mtaani kwetu ilikuwa ya kubonyeza kwa mkono, mtoto mmoja ndiye alikuwa rimoti. Nikipata usingizi saa tatu usiku naamka mapema shambani.

Kijana wa Uyole
Shikamoo mzee. Kuinuka siogopi, ila hicho chumba siwezi kuingia muda wowote. Fundi, asante, spiriti nitatafuta. Lakini supaglu nyingine si zinatolewa na asetoni? Nikiweka tone dogo pembeni tu, si pale mwanga unapopita?

Fundi wa Mwanjelwa
Asetoni inakula plastiki kabla ya kula gundi. Ulikuja kuuliza au ulikuja kuruhusiwa?

Mchambuzi wa Forest
Kabla ya kulaumu gundi, hakikisha kijitaa kinawaka. Rimoti inatuma mwanga ambao macho hayauoni, nyingi ni nanomita 940, unawaka na kuzima mara elfu 38 hivi kwa sekunde. Fungua kamera ya mbele ya simu, ielekeze kwenye kijitaa, mtu mwingine abonyeze rimoti. Ukiona cheche ya zambarau, kinatuma. Kamera ya nyuma ya simu nyingi ina kichujio, inaweza isikuonyeshe kitu.

Sina Haraka
Wakuu mnajibu chai. Mwezi wa saba, Uyole, watu tunavaa koti ndani ya nyumba na majani asubuhi yana barafu, yeye gundi inayeyuka kwa joto! Halafu king'amuzi chako mwenyewe, nyumbani kwako, lakini chumba "huwezi kuingia muda wowote". Hii hadithi ina shimo kubwa kuliko hilo la ukutani. Weka picha.

Mchambuzi wa Forest
Hilo la baridi tusimwonee. King'amuzi kikiwaka kina joto lake, hata Kitulo kitakuwa na uvuguvugu. Ila tepu ikibandikwa kwenye plastiki iliyolala na baridi haishiki vizuri tangu mwanzo. Akiwashe kwanza nusu saa ndipo abandike. Hilo la chumba, hapo hata mimi nasubiri picha.

Kijana wa Uyole
Mimi si muongo. Picha hiyo hapo.

Bi Mdogo wa Iringa
Nimeikuza. King'amuzi kimetandikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, kingo za waridi, kimepigwa wanga kikasimama. Pembeni kuna picha ya harusi ya watu wazima, na kijitaa kiko chini kimelala juu ya kabati, waya umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Kaka, kitu kilichodondoka hakijifungi uzi. Hapo ni kwa nani?

Sina Haraka
Funguka.

Kijana wa Uyole
Sawa. Ni sebuleni kwa mama mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji, chumba changu kimepakana na sebule yao. Tulikubaliana na mzee, kifurushi tunachangia nusu kwa nusu, na tundu la ukutani alitoboa yeye mwenyewe kwa drili yake. Sasa mzee yuko Chunya kwenye machimbo. Alisema ataongea na mama. Sijui kama aliongea. Nabandika mama akiwa kwenye kwaya, binti yao ananifungulia mlango. Lakini nalipa, sijaiba kitu cha mtu, kwa hiyo sioni kosa liko wapi.

Mzee wa Makambako
Mwanangu, unaingia sebuleni kwa mke wa mtu mumewe yuko Chunya, unafunguliwa na binti, usiku. Achana na gundi. Ongea na mama kabla watu hawajakuongelea.

Sina Haraka
Naondoa neno chai. Lakini fikiria mama yuko kwenye taarifa ya habari saa mbili, chaneli inahama yenyewe kwenda kwenye mpira. Mimi ningeita mchungaji.

Kijana wa Uyole
Saa mbili sibadilishi, naheshimu. Ila mama ni mkali, akikataa kifurushi changu cha mwezi huu kimepotea. Ndiyo maana nilitaka kitu cha kudumu, akikuta kimeshika sana ataona ni sehemu ya king'amuzi.

Bi Mdogo wa Iringa
Mwanamke anayepiga kitambaa wanga anajua kila kilichomo sebuleni kwake. Angekuwa amekasirika angekata waya, yeye kaufunga uzi. Niambie, kabati analifuta na nini?

Kijana wa Uyole
Polishi ya samani, ya kupuliza. Sebule nzima inanukia limau.

Fundi wa Mwanjelwa
Basi jibu ndilo hilo. Polishi nyingi za kupuliza zina silikoni, na silikoni gundi haiipendi kabisa. Akipuliza kabati, inafika na kwenye uso wa king'amuzi. Ndiyo maana hata tepu mpya inaachia, na yeye anaokota anakuwekea pembeni. Nenda saa kumi jioni, mlango wa mbele, umwambie mzee apige simu ukiwa hapo hapo. Akikubali, futa uso wa king'amuzi kwa spiriti, badilisha kitambaa, futa tena. Bandika, na umwombe mama pale mbele awe anapapangusa kwa kitambaa kikavu tu. Usiguse kijitaa mpaka kesho yake.

Kijana wa Uyole
Nimempigia mzee sasa hivi. Anasema alisahau kumwambia. Anampigia kesho mchana, mimi naingia saa kumi. Fundi, spiriti ya duka la dawa inafaa, au mpaka ya mafundi?

Fundi wa Mwanjelwa
Ya duka la dawa inafaa. Chukua isiyochanganywa na mafuta.