MC wa sherehe ya wageni 300: tumpimeje kabla ya kutoa hela?

KatibuKamati
Wakuu, heshima kwenu. Kamati yetu imebakiza MC tu. Harusi ni Jumamosi ya Desemba hapa Mwanza, wageni 300, na ukumbi unafungwa saa 6 usiku. Bwana harusi Mchaga, bibi harusi Msukuma. Tuna majina matatu, wote wametutumia vipande vya dakika moja, watu wanacheka mpaka machozi. Mnampimaje mtu?

MezaKuu
Hivyo vipande wekeni pembeni, hakuna MC asiye na dakika moja nzuri. Ombeni video nzima isiyokatwa, kuanzia maharusi wanapoingia hadi watu wanapokwenda kula. Angalieni anafanya nini mambo yakikwama: DJ kakosea wimbo, kisu cha keki hakionekani, mzee kashika maiki na haachii. Mengine ni mbwembwe.

Halafu mpeni saa zenu aandike ratiba. Anayeijua kazi huhesabu kutoka mwisho kurudi nyuma: saa 6 mlango unafungwa, basi zawadi zianze saa 4 na nusu, chakula saa 3 na nusu, maharusi wawe ndani saa 2 kasoro. Akiwaandikia "saa 12 maharusi kuingia", huyo kasahau kwamba saa hiyo bado wanapiga picha.

Chakula kina hesabu yake. Mstari mmoja wa bafe unapitisha watu wanne hivi kwa dakika, kwa hiyo wageni 300 ni saa moja na robo. Mistari minne ni kama dakika 20. MC mzuri atawauliza mistari ni mingapi kabla hamjafungua mdomo. Zawadi nazo ni balaa: vikundi 12, kila kimoja kikicheza wimbo wa dakika nne kuja mbele, dakika 48 zimekwenda na mashangazi hawajainuka vitini. Akubali mapema kuunganisha vikundi, na DJ akate wimbo zawadi ikishapokelewa.

MamaBafe
Kwa kuwa kuna Wachaga, muulizeni ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, anaiingizaje. Iende kabla ya chakula. Ikiletwa watu wameshiba, nyama imepoa na hakuna anayeinuka kuishangilia. Nani alishwe kwanza waamue wazee wa pande mbili, MC apewe kwenye karatasi, asibuni ukumbini.

Karatasi hiyo hiyo iwe na majina ya wazazi, wajomba na wasimamizi, yaandikwe kama yanavyotamkwa. Waliofariki na waliotengana wawekewe alama. MC akisema "baba na mama wa bibi harusi simameni tuwaone" na baba ni marehemu, ukumbi mzima unanyamaza, na hakuna utani wa kuunyanyua tena. Na utani wa Mchaga na hela mwekeeni kikomo, mara ya tano wakwe wananuna.

FundiSauti
Mimi nashauri mchukue MC anayekuja na DJ wake, wanaelewana kwa macho tu. Maiki mbili zisizo na waya, betri mpya zote, na moja ya waya ya akiba.

MezaKuu
Kwenye maiki niko nawe, kwenye kifurushi hapana. Mmoja akikwama, mmewakosa wote wawili. Kila mmoja na mkataba wake, wakutane siku mbili kabla kupitia ratiba na nyimbo.

Mkataba wa MC uwe na jina la atakayeshika maiki. Jumamosi za Desemba wapo wanaopokea shughuli mbili kisha mteja mmoja anatumiwa mwanafunzi wao. Andikeni pia afike saa moja kabla ya wageni, nusu ya malipo mapema, salio akishafika na kujaribu maiki. Salio la usiku wa manane huleta ugomvi, mshika hela hapatikani. Na marufuku kuchangisha wageni papo hapo bila kamati kujua.

KatibuKamati
Nimewaelewa. Ratiba ikibadilika katikati, nani amwambie? Tuko 15 kwenye kamati.

MamaBafe
Mtu mmoja tu, akae karibu naye, kwa kikaratasi. Watano wakimnong'oneza kwa zamu ataacha kuwasikiliza wote. Na huyo mmoja asiwe mwenyekiti wenu, atakuwa anasalimiana na wageni.