Naomba ushauri: mlei nataka kusali vipindi kama watawa, nimekwama

Mlei2
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mlei, yaani si padre wala mtawa: nina ndoa na kazi. Nataka kusali vipindi vyote vya siku, yaani sala za Kanisa za saa maalum, mbele ya safari niwe oblati wa Kibenedikto, mtu anayejifunga na monasteri bila kuwa mtawa. Tatizo ni kitabu cha sala hizo: zaburi zake zimepangwa kwa wiki, ya kufungua naijuaje? Na mbona Zaburi ya 91 kwingine wanaiita 90?

Nyuzi Kumi
Milele, Amina. Vyote acha kwanza. Shika Masifu ya Asubuhi na ya Jioni, dakika 15 hivi kila kimoja.

Zaburi huzunguka wiki 4. Chukua namba ya Dominika ya Mwaka (Jumapili ya kipindi cha kawaida cha Kanisa), gawa kwa 4, kinachobaki ndiyo wiki yako. Dominika ya 22 inabaki 2, fungua wiki ya 2. Isipobaki kitu ni wiki ya 4. Dominika ya kwanza ya Majilio, ya kwanza ya Kwaresima, na Pasaka, unarudi wiki ya 1. Wengi huteleza Jumatano ya Majivu: siku hiyo hadi Jumamosi yake ni wiki ya 4, siyo ya 1.

Weka tepe tatu za kushika kurasa: zaburi za wiki, sala za majira (kama Majilio na Kwaresima), watakatifu.

Antifona
Za namba: Biblia ya Kilatini imeunganisha Zaburi ya 9 na ya 10, kwa hiyo kuanzia hapo hadi 147 iko nyuma kwa moja karibu kote.

Ile nyota (*) katikati ya mstari wa zaburi si pambo. Simama hapo pumzi moja, ndipo umalizie. Ukiiruka unaishia kukimbiza maneno.

Mlei2
Nikichelewa kurudi, Masifu ya Jioni nayalipa usiku?

Nyuzi Kumi
Hulipi. Padre amefungwa na sheria ya Kanisa, mtawa na katiba ya shirika lake. Wewe huna deni. Nenda moja kwa moja kwenye sala ya kabla ya kulala. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto (mwongozo wa maisha ya watawa wake), sura ya 18, inaweka Zaburi zilezile kila usiku: 4, 91 na 134. Zikikaa kichwani unasali hata taa ikiwa imezimwa.

Antifona
Uoblati si nadhiri. Ni ahadi unayoitoa kwa monasteri moja mahususi, na unabaki na ndoa yako na parokia yako. Kwa kawaida kuna majaribio ya mwaka au zaidi, kwa hiyo muone mwalimu wa maoblati mapema. Wakati huo soma Kanuni, kipande kila siku. Kwa mgawanyo wa watawa sura zake 73 huisha mara 3 kwa mwaka. Na mwenzi wako aambiwe kabla hujaandika barua ya maombi.