Kazi ya nyumba Nairobi, elfu nane kwa mwezi. Niende?

Binti wa Nuu
Hamjambo. Nina miaka 22, kwetu ni Nuu, huku Mwingi, na niko nyumbani tangu nimalize kidato cha nne. Jirani yetu ana binamu Nairobi anayetafuta msichana wa kazi: watoto wawili, kulala huko huko, elfu nane. Nauli atatuma kwa M-Pesa kisha akate kwa mshahara. Kitambulisho anataka akae nacho yeye. Mama hataki hata kusikia. Baba amenyamaza, na Baba akinyamaza amekubali. Mimi shida yangu ni pesa za kujifunza ushonaji. Elfu nane ni sawa?

Mama Shiru, Kayole
Si sawa, mdogo wangu. Novemba 2024 kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa jijini kiliwekwa 16,113.75 kwa mwezi. Watakwambia unakula na kulala bure, lakini kima hicho hakijahesabu nyumba, kwa hivyo kitanda chako kisikatwe humo. Wengi hawalipi, najua. Mimi Buruburu nililipwa chini ya hapo miaka mingi. Lakini taja hiyo pesa, ajue unaijua.

Kitambulisho usimwachie mtu. Mpe nakala. Bila hicho hutatoa pesa kwa wakala wala kusajili laini, na siku mkikosana utaondokaje? Jingine ni mapumziko. Sheria ya ajira ya 2007 inakupa siku moja kwa wiki. Elewaneni kabla hujapanda gari, la sivyo kila Jumapili itakuwa "leo tuna wageni" hadi Disemba.

Ndengu Safi
Baki ulime ndengu dada. Huku Nairobi hata maji tunanunua kwa mtungi.

Mama Shiru, Kayole
@Ndengu Safi na wewe uko Pipeline unafanya nini? Jembe limekungoja.

Fundi Githurai
Ukilala kwa mwajiri, ushonaji utajifunza saa ngapi? Watoto wanaamka saa kumi na moja kwa ajili ya basi la shule, vyombo vya jioni unamaliza saa nne usiku. Anza na chuo cha ufundi hapo karibu na nyumbani, hata miezi michache. Uliza pia kile kiwanda cha nguo cha kaunti, KICOTEC, kule Syongila. Ukishazoea mashine ya umeme (si cherehani ya kukanyaga), EPZ kule Athi River, kwenye viwanda vya nguo za kuuza nje, utapata cha kuonyesha getini.

Binti wa Nuu
Asanteni. Nimempigia. Nilipotaja elfu kumi na sita alikata simu, kisha akapiga tena. Amefika elfu kumi na moja, kitambulisho nibaki nacho, Jumapili natoka baada ya kanisa. @Fundi chuo nimeuliza, karo ndiyo hatuna. Nadhani nitaenda.

Mama Shiru, Kayole
Aliyepiga tena ana shida kuliko wewe. Mwambie ayaandike hayo kwa ujumbe wa simu, uyahifadhi. Nauli ombeni kwa Baba, usianze na deni. Basi likikushusha Machakos Country Bus, jina lisikuchanganye, ni hapa Nairobi karibu na Muthurwa. Begi ushike mwenyewe, kuna vijana watalinyakua kukusaidia kisha wakudai. Ngoja ndani ya ofisi ya basi mpaka huyo mama afike. Nitakutumia namba yangu faraghani.