641 ilipatikanaje ndani ya 4294967297?

Swali kutoka kwa Mpenda Namba
Salaam, wanajukwaa. Mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini kwamba ukiipandisha 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili, kisha ukaongeza 1, kila mara utapata namba tasa. Kweli 3, 5, 17, 257 na 65537 ni tasa. Inayofuata ni 4294967297, ambayo Leonhard Euler alionyesha mwaka 1732 kuwa inagawanyika kwa 641. Kugawanya nimegawanya, na hakuna baki. Ninachoomba kueleweshwa ni jinsi mtu asiye na kikokotoo alivyoifikia 641, ilhali zipo tasa 6542 zilizo chini ya kipeuo cha pili cha namba hiyo.

Jibu la Mwalimu wa Sekondari
Ndugu, hakuna haja ya kuzijaribu zote. Tuseme tasa p inaigawanya namba hii. Basi 2³² ikigawanywa kwa p ni sawa na kubaki hasi 1 (yaani imepungua 1 tu ili igawanyike), na kwa hiyo kipeo cha kwanza kabisa cha 2 kinachobakiza 1 ni 64. Fermat mwenyewe alitufundisha kwamba kipeo cha p − 1 nacho hubakiza 1. Kwa hiyo lazima 64 iigawanye p − 1. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641: ya tano tu! Mwaka 1878 Édouard Lucas alithibitisha kwamba hata 128 huigawanya p − 1, zikasalia 257 na 641. Nayo 257 haifai, kwa sababu 4294967295 ni zao la 3, 5, 17, 257 na 65537, hivyo namba yetu ikigawanywa kwa yoyote kati ya hizo tano haiwezi kugawanyika kikamilifu.

Jibu la Msomaji wa Pwani
Naongeza uthibitisho ambao kwangu ndio mzuri kuliko yote, kwa kuwa hauhitaji kugawanya. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Tukiangalia mabaki tu ya kugawanya kwa 641, kutokana na umbo la kwanza 5 × 2⁷ ni sawa na hasi 1, na kwa kipeo cha nne 5⁴ × 2²⁸ inakuwa sawa na 1. Umbo la pili linaturuhusu kuweka hasi 2⁴ mahali pa 5⁴, tukapata kwamba hasi 2³² ni sawa na 1. Basi 2³² + 1, yaani 4294967297, haibakizi kitu.

Mpenda Namba
Nashukuru sana. Je, kigawo kingine, 6700417, ni tasa?

Jibu la Mwalimu wa Sekondari
Ni tasa. Kwa kanuni ileile, ukiiacha 257, chini ya kipeuo chake cha pili zinabaki 641, 769, 1153 na 1409 tu za kujaribu, na mabaki yake ni 44, 120, 334 na 622. Tukirudi kwenye namba ya mwanzo, zingatia pia kwamba 4294967297 ni 65536² + 1², na vilevile ni 62264² + 20449². Namba tasa haiwezi kuandikwa kwa njia mbili hivyo, basi hiyo si tasa.