Kura ya mwanamke Kenya: tulipewa bure ama ilipiganiwa?

Mama wa Kayole: Jamani, kila tukianza kuongea mambo ya theluthi mbili, ile kanuni ya katiba ati jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, lazima atokee jamaa mmoja aseme ati wale waliopigania kura ni wanawake wa Uingereza, ati mwanaharakati wao Emily Davison akagongwa na farasi wa mfalme 1913 akafa, na sisi tukapewa tu pamoja na bendera 1963, kwa hivyo tuache kuitisha viti vya bure. Nakataa kabisa.

Kwanza kura ya mwanamke hapa Kenya haikuanza 1963. Mwanamke mzungu alipewa 1919, yaani bibi ya setla alikuwa mbele ya msichana wa miaka 25 kule London, maana sheria yao ya 1918 ilitaka ufike 30 na tena kuwe na mambo ya mali, usawa wakaupata 1928. Sisi tukangoja. 1957 ndio Waafrika wakaruhusiwa kuchagua, lakini waliangalia umesoma hadi wapi, unalipwa ngapi, una mali gani, na ukiwa na vigezo vingi unapata hadi kura tatu mtu mmoja! Sasa mama wa enzi hiyo, shule walipeleka kaka yake, shamba ni la mzee, mshahara hana, atapata wapi hata hiyo moja? Hakuna mahali sheria ilisema wanawake wasipige.

Mzee wa Buruburu: Mama nakusoma vizuri lakini hivyo vigezo viliwafungia nje hata wanaume wengi, na ukiwa Mkikuyu, Mmeru ama Mwembu ulitakiwa pia uwe na cheti cha uaminifu kwa serikali ya mkoloni, kwa hivyo hiyo ilikuwa rangi na siasa ya Emergency, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, si mambo ya wanawake. Na 1963 kila mtu mzima akapiga, mbona hakuna mwanamke alichaguliwa mbunge mpaka Grace Onyango 1969 kule Kisumu Mjini? Kura mlikuwa nayo.

Mama wa Kayole: Mzee wangu, kura tulikuwa nayo, tiketi ya chama ilikuwa kwa nani? Na hiyo ya kupewa bure, hebu rudi 1922. Harry Thuku, kiongozi aliyekuwa anapinga mkoloni, ameshikwa, watu wamejaa nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi, wanaume wametoka kuongea na serikali wanaambia watu warudi nyumbani. Mary Muthoni Nyanjiru akapandisha nguo yake mpaka mabegani akawaambia basi chukueni nguo yangu mnipe suruali zenu. Akina mama wakapiga ngemi, yaani vigelegele, umati ukasukuma mbele, polisi wakafyatua, naye akafa hapo hapo. Na moja ya vitu Thuku alikuwa anapinga ni wanawake na wasichana kulazimishwa kazi. Hiyo nayo si kupigania?

Mzee wa Buruburu: Hapo kwa Nyanjiru sina neno, kusema kweli. Lakini angalia magavana: 2013 hakuna mwanamke, 2017 watatu, 2022 saba, na hakuna aliyebebwa na kiti maalum. Si hiyo ndio njia?

Mama wa Kayole: Saba kwa kaunti 47, mzee, na hao walipambana. Bunge nalo katiba ya 2010 iliambia jinsia moja isipite theluthi mbili, likashindwa kupitisha sheria ya kutimiza hilo, David Maraga akiwa Jaji Mkuu akashauri rais alivunje bunge Septemba 2020, na wabunge wakaendelea kukaa kama hawajasikia. Hilo ndilo nataka mnijibu: raia akivunja katiba anashikwa, bunge likivunja nani analishika?