Mbwa koko mtaani: yalikukuta? Tupeane uzoefu

MamaPacha: Leo mtoto ameingia ndani mbio, kaptula imechanika. Mbwa koko wa pale jalalani, nyuma ya ploti. Hajaumwa, Mungu mkubwa. Nyinyi yalipowakuta mlimwita nani?

FundiStima_Kayole: Umenikumbusha mbali. Alfajiri naenda steji, mvua imenyesha, begi la vifaa begani. Mbwa kama sita, jike mbele, madume nyuma. Sikuwachokoza. Mmoja wa kahawia akanizunguka kimyakimya, hakubweka hata, akanidaka shavu la mguu. Nikampiga na begi, koleo zikamwagika kwenye tope. Nikafunga kitambaa, nikajifanya kidume, nikaenda kazini. Siku ya tatu mama mboga ananiambia yule mbwa anatokwa udenda, anauma mabati. Miguu ikaniisha nguvu. Zahanati ya kwanza, chanjo hakuna. Ya pili, nikanunue mwenyewe kwa chemisti. Nikakaa kwenye benchi nahesabu pesa ya kodi. Sindano tano, karibu mwezi. Na kichaa cha mbwa humfanya mtu aogope maji, basi kila nikiinua glasi ya maji najichunguza: naiogopa au siiogopi?

KondaMstaafu: Ya glasi nimecheka, halafu nikaona aibu. Pole ndugu.

BabaSimba: Nyanya yangu alikuwa anapaka pilipili kwenye jeraha. Wote tuko hai.

VetWaMtaa: Pilipili weka kwa githeri. Jeraha linaoshwa hapo hapo, sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna dawa. Fundi ana bahati yake.

Kijana_wa_Umoja: Mnazunguka bure. Nyama, sumu, kwisha maneno.

MamaPacha: Na mtoto akiiokota hiyo nyama?

KondaMstaafu: Sumu za watu kama wewe ndizo zilimmaliza paka wangu. Alikuja kufia kwenye viatu vyangu.

Kijana_wa_Umoja: Paka hakuitwa kwenye mjadala huu.

VetWaMtaa: Ua kumi, jalala libaki, kumi wengine watahamia. Chanja mbwa asilimia 70, ugonjwa unakosa njia. Kenya imejiwekea 2030 kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa.

Mwanasheria_Baridi: Someni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Udhibiti na ustawi wa wanyama, leseni za mbwa, mahali pa kuwatunza na kuwazika: kazi ya kaunti. KSPCA kule Karen ni shirika la hisani la kutetea wanyama, na watu huwapigia kana kwamba ni idara ya serikali.

BabaSimba: Leseni ya mbwa! Nani humu amewahi kukata?

KondaMstaafu: Mimi, zamani. Kibati cha shingoni bado ninacho, nafungulia soda. Mbwa alishakufa.

Jirani_Mkorofi: Tusisahau hao koko walikuwa na wenyewe. Ghorofa ya tatu kwetu walihama usiku, wakabeba hadi pazia, mbwa wakamwacha kwenye ngazi.

Kijana_wa_Umoja: Mchukue basi.

Jirani_Mkorofi: Nilimchukua. Amekula kiti.

MamaPacha: Nimepiga namba niliyopewa. Imeita mpaka ikachoka. Fundi, huyo wako wa kahawia alikuwa na ncha nyeupe mkiani?

FundiStima_Kayole: Alikuwa nayo. Lakini alikufa wiki ile ile, nilimwona mtaroni.

MamaPacha: Basi huyu wa leo ni mjukuu wake.