JConsole kutoka Pemba haiingii kwenye Tomcat ya Unguja, na poti 9010 iko wazi

mkoani_link
Assalaam alaykum ndugu zangu. Tomcat yetu (seva inayoendesha programu za Java) ipo Mjini Unguja, juu ya Ubuntu (aina ya Linux), na sisi wa Chake Chake tunaifikia kwa VPN. Programu yenyewe kwenye poti 8080 inafunguka vizuri. Ninachotaka ni kuitazama memori ya Java kwa JConsole nikiwa huku huku Pemba, maana mchana programu inasuasua, na kupanda boti kila mara kwenda kuichungulia si jambo. Nimeweka `jmxremote.port=9010` (JMX ndiyo njia ya Java ya kutazamwa kwa mbali) na poti hiyo imefunguliwa kwenye fayawoli. `nc -vz 10.20.1.5 9010` inajibu kuwa imeunganika. JConsole inakataa papo hapo: `Connection refused to host: 127.0.1.1`. Anwani hiyo sikuiandika pahala popote. Inatoka wapi?

fundi_wete
Wa alaykum salaam. Hapo fayawoli bado haina kosa. Poti 9010 ni ya bawabu tu. JConsole ikimfikia, bawabu huipa anwani ya pili ya kwenda kufanyia kazi, na anwani hiyo seva huipata kwa kujiuliza jina lake yenyewe. Ubuntu kwa kawaida huliandika jina la mashine ndani ya `/etc/hosts` mbele ya 127.0.1.1. Basi kompyuta yako ya Pemba inaambiwa iende 127.0.1.1, yaani ijirudie yenyewe, na hapo hapana kitu kinachosikiliza.

Iambie Java anwani ya kutangaza. Kwenye `bin/setenv.sh` ongeza:

`CATALINA_OPTS="$CATALINA_OPTS -Djava.rmi.server.hostname=10.20.1.5"`

Iwe CATALINA_OPTS, si JAVA_OPTS. JAVA_OPTS husomwa na `shutdown.sh` pia, kwa hiyo siku ya kuzima, amri ya kuzima nayo itataka kuishika 9010, itaikuta imeshikwa, itakufa na "Address already in use", na Tomcat itabaki inakwenda.

mkoani_link
Ahsante sana. 127.0.1.1 imeondoka. Sasa JConsole inangoja muda mrefu, kisha `Connection timed out`.

bandari_ndogo
Sasa ndiyo fayawoli, yakhe. "Refused" ya haraka mara nyingi ni mashine iliyofikiwa ikakataa. Kungoja hadi "timed out" ni paketi kumezwa njiani bila ya jibu. Itazame kwa macho yako. Kwenye kompyuta ya Pemba endesha hii, kisha ubonyeze Connect:

`sudo tcpdump -ni any "host 10.20.1.5 and tcp[tcpflags] & tcp-syn != 0"`

Utaona SYN (paketi ya kuomba kuunganishwa) ya kwanza ikienda 9010 na kujibiwa. Halafu itatoka SYN nyengine kwenda poti usiyoijua, tuseme 41873, na itarudiwa tena na tena bila ya kurudi kitu. Ile ndiyo poti ya pili. Usipoitaja, Java huiokota yenyewe, na kila ukiiwasha upya Tomcat inabadilika. Ukifungua 41873 leo, kesho si hiyo tena.

Wapo wanaoshauri kufungua 32768 hadi 60999 yote. Usifanye hivyo, hapo huna fayawoli tena. Zilazimishe zote mbili zikae kwenye poti moja, kwa kuongeza hii kwenye CATALINA_OPTS ile ile:

`-Dcom.sun.management.jmxremote.rmi.port=9010`

Washa upya, kisha `ss -ltnp | grep java`. Ukiona bado ipo poti ngeni moja, usishtuke: ni ya uangalizi wa ndani na haipokei ila wa mashine ile ile. Usiifungue.

fundi_wete
Naongeza, na hili ni zito khasa. Kama umeweka `authenticate=false` (JMX isiulize nywila) ili mambo yaende, basi yeyote anayeifikia 9010 anaweza kuiamrisha Java yako ipakie na kuendesha msimbo wake. VPN haikuokoi na kompyuta iliyoambukizwa ndani ya ofisi. Weka faili la nywila, mwenyewe awe yule yule anayeendesha Tomcat, na `chmod 600`. Ikisomeka na mwengine, Java itagoma kuwaka.

Mimi lakini nisingeifungua 9010 kabisa. Badilisha `java.rmi.server.hostname` iwe 127.0.0.1, ongeza `-Dcom.sun.management.jmxremote.host=127.0.0.1` ili isisikilize nje, acha rmi.port ilipo, `ssl=false` kwani SSH (njia ya siri ya kuingia seva kwa mbali) inasimba. Kisha kutoka Chake Chake:

`ssh -N -L 9010:127.0.0.1:9010 jina@10.20.1.5`

JConsole uielekeze `localhost:9010`. Upande wa Pemba lazima iwe 9010 pia. Ukiweka 9999 kwa mfano, utampata bawabu, lakini atakutuma 9010 ya kwenye kompyuta yako na hapatakuwa na mtu. Kwa kazi hii, kwenye fayawoli inatosha poti 22 ya SSH tu.

mkoani_link
Imekubali, alhamdulillah. Grafu ya memori naiona. Ila nikifunga JConsole nikaenda kuswali adhuhuri na kula, nikirudi njia ya SSH imeganda.

bandari_ndogo
Fayawoli husahau muunganiko uliokaa kimya. Nyingi zimewekewa saa moja au chini yake. Linux nayo, kwa mpangilio wake wa asili, hungoja sekunde 7200 ndiyo ibishe hodi, na kufikia hapo fayawoli imeshasahau. Ongeza `-o ServerAliveInterval=60 -o ServerAliveCountMax=3` kwenye amri ya ssh. Itabisha kila dakika, na njia ikikatika kweli utajua ndani ya dakika kama 3.